Paka jikoni, maiti sebuleni

SWALI: Mimi naoka keki na mahamri ya kuuza hapa Tanga, na usiku nikishazima jiko nasoma riwaya za upelelezi. Damu na mateso siyawezi. Mdogo wangu aliyeko Oman alinitumia vitabu viwili vya Kiingereza vyenye picha ya paka jaladani na mapishi ndani. Kimoja nilikimaliza usiku mmoja. Cha pili kilinichosha: paka kalala toka mwanzo hadi mwisho, na mapishi yamebandikwa kama tangazo. Je, paka na chakula vina kazi humo au ni pambo la kuuzia kitabu? Nianzie wapi? Na nina ndoto ya kuandika ya kwangu kwa Kiswahili, yenye muoka mahamri na paka wake. Paka aseme au asiseme?

JIBU: Dada yangu, hicho kilichokuchosha kishike vizuri, usikigawe. Kitakufaa utakapoanza kuandika.

Miaka niliyokuwa nikihariri miswada ya riwaya za upelelezi nilikuwa na kipimo kimoja cha kikatili. Mfute paka kila ukurasa, halafu uliza: muuaji bado anakamatwa kwa njia ile ile? Kama anakamatwa, basi huyo paka alikuwa mto wa kochi. Kisha ifute keki, uulize tena. Vitabu vingi vya aina hii vinaanguka hapo. Vile vinavyosimama ndivyo vinavyofanya watu wakeshe, na naona wewe ulikutana na kimoja kila upande.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Waingereza na Wamarekani wana neno lao kwa riwaya hizi, "cozy", lenye ladha ya blanketi na kikombe cha chai. Likitamkwa kwetu linageuka kozi, ndege anyakuaye vifaranga, maana yote inapinduka. Mimi naziita riwaya za upelelezi wa barazani. Mauaji yanatokea nyuma ya mlango. Hatuoneshwi kisu kikiingia. Anayepeleleza si askari, ni mkutubi, mpishi, karani wa posta, bibi mfumaji. Mahali ni padogo, watu wanajuana hadi nasaba, na aliyeua ni mmoja wao, kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana si lazima kitishe kwa damu. Anayetisha ni jirani aliyekuletea sahani ya sambusa jana.

Sasa swali lako. Nitakujibu kwa kitabu kimoja kilichotangulia mtindo huu wa paka na mapishi kwa miongo kadhaa, na ambacho mpaka leo sijaona kilichokizidi: "A Murder Is Announced" cha Agatha Christie, kilichotoka 1950. Gazeti la kijijini linatoa tangazo kwamba mauaji yatafanyika Ijumaa, tarehe 29 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye nyumba fulani. Majirani wanadhani ni mchezo, wanajikusanya. Saa inafika, taa zinazimika, risasi zinalia.

Humo mna keki na mna paka. Keki ni ya chokoleti, inaokwa na mpishi mkimbizi kutoka bara la Ulaya, na jina lake ndani ya kitabu lina maana ya kifo kitamu. Hapo mwandishi wa siku hizi angetosheka na kichekesho cha jina. Christie alikwenda mbali zaidi. Uingereza ya wakati ule bado ilikuwa na mgawo wa chakula. Siagi, sukari na mayai vilipimwa kwa kadi, na mgawo haukwisha kabisa hadi 1954. Kwa hiyo keki iliyojaa siagi na sukari ni tukio, ni anasa ya kuwaita watu. Na si hiyo tu. Kwa sababu ya mgawo, wanakijiji wanabadilishana vitu kimyakimya: huyu ana siagi ya shambani, yule ana mboga, na kila mmoja huingia jikoni kwa mwenzake kupitia mlango wa nyuma, anaacha kifurushi, anaondoka. Milango haifungwi. Mpelelezi wa polisi anapouliza nani angeweza kuingia ndani ya nyumba ile, jibu ni kwamba karibu kijiji kizima, na hakuna anayetaka kusema kwa nini, kwa kuwa biashara yenyewe ni ya magendo. Umeona? Siagi ndiyo iliyofungua mlango. Ukiondoa chakula, ile riwaya inafungwa kufuli.

Paka naye ni wa mke wa mchungaji, kapewa jina la mfalme wa Ashuru, Tiglath Pileser. Ni mtundu kama paka yeyote. Anashambulia waya wa taa ya mezani mpaka unachubuka. Maji ya chombo cha maua yanadondokea pale pale, cheche, na chumba kinakuwa giza. Bibi Marple, kikongwe mpelelezi wa Christie, yumo chumbani. Anatazama, na papo hapo anajua jinsi taa zilivyozimwa ile Ijumaa. Nani alizizima sikuambii, kasome. Ninachotaka uone ni kwamba paka hakupeleleza chochote. Alifanya upaka wake tu, na binadamu mwenye akili akawa karibu.

Kwa hiyo anzia hicho. Christie aliwahi kufanya kazi kwenye chumba cha dawa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo maana sumu zake hazibahatishi, na kwenye riwaya zake chai na keki huwa na mashaka yake.

Chakula tukichambue kidogo, kwa kuwa ndiyo fani yako. Mpelelezi asiye askari ana tatizo moja kubwa: ataingiaje nyumba za watu na kuuliza maswali? Hana kitambulisho. Mpishi hana tatizo hilo. Anapita na trei, anakaribishwa, anaambiwa kaa. Msibani yuko jikoni, na jikoni ndiko ukweli unakosemwa wakati sebuleni watu wanasoma dua. Virginia Rich aliliona hili mapema, "The Cooking School Murders" kikatoka 1982 na mpelelezi ambaye ni mpishi. Diane Mott Davidson alifuata 1990 na "Catering to Nobody": mama mmoja huko Colorado anapika chakula cha matanga, mgeni mmoja analishwa sumu ya panya, polisi wanamfungia biashara. Tazama uzuri wa hilo: anapeleleza kwa sababu asipopeleleza hali. Hahitaji kuwa mdadisi wa mambo ya watu. Ana wateja wa kupoteza. Na mapishi yake yamo ndani ya hadithi, yanafuata pale yanapopikwa.

Halafu kuna Joanne Fluke, ambaye pengine ndiye aliyekuja kwenye kifurushi chako. "Chocolate Chip Cookie Murder" cha 2000 kinafungua mfululizo wa Hannah Swensen, mwenye duka la biskuti katika mji mdogo wa Minnesota. Dereva wa maziwa anakutwa kapigwa risasi nyuma ya duka lake, biskuti zake zimetapakaa. Ana paka mkubwa wa rangi ya machungwa mwenye chongo, aitwaye Moishe. Nitasema ukweli wangu: biskuti za Fluke ni bora kuliko mafumbo yake, na paka wake ni wa kumkaribisha bibi nyumbani jioni. Anapendeza, lakini kwa kipimo changu anafutika. Ukipika mapishi yake au ya Mmarekani yeyote, kumbuka kijiti kimoja cha siagi ni gramu 113, na nyuzi 350 za oveni zao ni kama 175 hadi 180 zetu. Nimewahi kumwona mtu akitafuta 350 kwenye oveni yake hadi biskuti zikawa mkaa.

Tukija kwa paka, mama wa jamii nzima ni Lilian Jackson Braun, mwandishi wa gazeti la Detroit Free Press kwa miaka karibu 30. Historia yake ina jambo la kushangaza. Leo kuna mila ambayo hakuna mwandishi wa aina hii anayethubutu kuivunja: binadamu wafe wangapi wanaopenda, paka hafi. Wasomaji hawatasamehe. Lakini mila hii ilizaliwa kwenye kifo cha paka. Paka wa Braun, wa asili ya Siam, alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya kumi, na watu wakasema kasukumwa. Kwa uchungu huo akaandika hadithi fupi ya mama paka anayelipiza kisasi cha mwanawe, ikachapishwa 1962. Riwaya ya kwanza ikaja 1966, "The Cat Who Could Read Backwards", ya pili na ya tatu 1967 na 1968. Kisha kimya cha miaka 18. Ladha ya soko ilikuwa imegeukia ngono na umwagaji damu, na paka wa Siam hakuwa na nafasi. Aliporudi 1986 na kitabu cha nne, wakati ulikuwa umemfuata. Hadi anafariki 2011, akiwa na miaka 97, vilikuwa vimetoka 29.

Mpelelezi wake ni mwandishi wa habari mwenye masharubu makubwa, Jim Qwilleran, na paka wawili, Koko na Yum Yum. Koko ndiye mwenye maajabu. Anaangusha kitabu rafuni, na baadaye tunagundua kwamba jina la kitabu lilihusiana na kesi. Je, anajua au ni bahati? Braun hasemi. Alikuwa na busara ya kuacha shaka pale pale, na Qwilleran mwenyewe hajui ashike lipi. Vitabu vya mwisho mwisho vinachosha, mafumbo yamekonda. Soma hicho cha 1986, "The Cat Who Saw Red": Qwilleran kaambiwa na daktari apunguze mwili, na wiki hiyo hiyo mhariri wake anampa safu ya kuandika kuhusu chakula. Paka, mapishi na kifo vyote vimekaa sufuria moja.

Wajapani wana wao pia. Jiro Akagawa alianza mwaka 1978 mfululizo wa paka wa rangi tatu aitwaye Holmes, anayeishi na askari mpelelezi anayezimia akiona damu. Holmes ni jike, na hiyo ni sahihi, kwa kuwa paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Na usidanganywe na jalada: Mjerumani Akif Pirinçci alitoa "Felidae" 1989, mpelelezi ni paka, wahanga ni paka, na damu inatiririka. Wewe usiyeweza mateso, kipite mbali.

Kitu ambacho waandishi wengi hawakielewi ni kwamba dalili ya paka si dalili ya mbwa. Kila anayesoma upelelezi anamjua mbwa wa Sherlock Holmes, wa hadithi ya 1892, ambaye hakubweka usiku kwa sababu aliyekuja alikuwa mtu wake. Kwa paka huwezi kutumia hiyo. Paka habweki, hana utii wa namna hiyo, na mgeni akija anaweza kumsogelea ama kumpuuza kama alivyoamka. Paka ana tabia nyingine, na hizo ndizo mali ya mwandishi. Anafuata joto: boneti ya gari aliyoilalia usiku inasema gari limetoka safari sasa hivi, hata mwenyewe akiapa halijaondoka tangu asubuhi. Anaingia nyumba zisizo zake. Wazee walisema paka wa nyumba haingwi, na yule wa kwako ni wa nyumba tano. Kwa hiyo anabeba vitu kwenye manyoya. Jirani anasema hajawasha jiko siku mbili, paka wako anarudi na majivu tumboni. Hakuna wakili atakayemhoji. Lakini wewe umeshajua pa kuanzia.

Na jambo moja kwako muoka keki: paka hasikii utamu. Mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba jeni moja inayohitajika kuonja sukari haifanyi kazi kwa paka, na ni hivyo hata kwa chui milia na duma. Ukisoma kitabu ambamo paka kavamia sharubati au kalamba asali kwa uchu, mwandishi huyo hajafuga. Paka akivamia keki yako anatafuta siagi, maziwa, mayai. Hapo pana fumbo zuri ukitaka: keki mbili mezani, paka kala moja na kuiacha nyingine, na anayejua kuoka anatambua kwamba ile aliyoiacha haikuwa na siagi kama muuzaji alivyodai. Usimlishe chokoleti wala vitunguu kwenye hadithi bila kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Vyote ni sumu kwake, na msomaji mwenye paka atakuandikia barua.

Hapa Afrika upelelezi wa barazani umeshapikwa. Mma Ramotswe wa Botswana, aliyeanza 1998 kwa kalamu ya Alexander McCall Smith, anatatua mengi kwa birika la chai nyekundu kuliko askari kwa bunduki. Sally Andrew wa Afrika Kusini ana Tannie Maria, kuanzia 2015 na "Recipes for Love and Murder": mama wa Karoo anayeandika safu ya ushauri gazetini, mtu akileta shida ya moyo anajibiwa kwa ushauri na mapishi. Barua moja ya mke anayepigwa ndiyo inayozaa kesi. Chakula humo kinafanya kazi, nakupendekezea kabisa.

Na kwa Kiswahili tuna ukoo wetu, mkongwe kuliko tunavyoupa heshima. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa "Mzimu wa Watu wa Kale", kikatoka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum pembeni, si askari. Anakaa, anauliza, anasikiliza, anafikiri, na Unguja nzima inajieleza yenyewe. Kabla ya Willy Gamba wa Elvis Musiba kuingia na bastola miaka ya 1970, upelelezi wetu ulikuwa wa mazungumzo. Ukisoma Bwana Msa sasa, ukitoka kwa Christie, utaona ni majirani. Yeye ndiye umfuate kwa lugha, hasa namna watu wanavyozunguka jambo kabla ya kulisema.

Sasa riwaya yako. Muoka mahamri umemchagua vizuri kuliko unavyojua, maana mahamri yana saa ndani yake. Unga unakandwa, unaachwa uumuke, unakatwa, unaachwa tena, ndipo mafuta yanapochemka. Anayeamka saa tisa za usiku kukanda ni shahidi wa mtaa mzima: anajua nani karudi, nani katoka, taa ya nani inawaka. Mtu akidai alikuwa kwake anakanda usiku ule, donge lenyewe litamsuta, kwa kuwa unga uliokaa sana na joto la Tanga unavimba, unaanguka, unanuka uchachu. Tui nalo lina saa yake. Mchuzi wa nazi ulioachwa nje tangu jioni, asubuhi umechacha. Ukikuta haujachacha, kuna mtu kaupika usiku na hasemi. Mwandishi wa Minnesota hana dalili hii. Wewe unayo jikoni kila siku.

Paka wako jihadhari asiwe mweusi kwa sababu tu inapendeza jaladani. Kwetu paka mweusi wa usiku ana maneno yake, na msomaji ataanza kuwaza uchawi na majini kabla hujamaliza sura ya kwanza. Kama unataka hivyo, tumia kwa makusudi: mtaa uamini kifo kimeletwa na uchawi, muuaji afurahie kujificha humo, kama watu wa Bwana Msa walivyosingizia mzimu. Kama hutaki, mpe rangi ya majivu au ya shira. Pwani paka si mgeni, hata msikitini analala, si najisi, hivyo msomaji wako hatashangaa akiwa kila mahali. Nenda Lamu uone paka walivyojaa vichochoroni, huhitaji kueleza chochote.

Aseme au asiseme? Rita Mae Brown, tangu 1990, ana paka na mbwa wanaozungumza wao kwa wao bila binadamu kuwasikia, na jina la paka wake wa nyumbani analiweka jaladani kama mwandishi mwenza. Wamarekani wanalipenda hilo. Kwako nasema asiseme. Sisi tumelelewa na Sungura na Fisi. Mnyama akifungua kinywa, sikio letu linajipanga kwa ngano ya watoto, na maiti sebuleni itakaa vibaya na ngano. Mwache alie, akorome, aparue, atazame ukutani. Muoka mahamri amsemeshe yeye, kama watu wanavyosemesha paka saa tisa za usiku wakidhani hakuna anayewasikia. Humo ndimo utakamoweka mawazo yake yote bila kuandika "alifikiri kwamba".

Mapishi yaweke mwisho wa sura aliyoyapika, yasikatize msako. Hamira na tui vipime sawasawa, ujaribu mwenyewe mara mbili kwa unga wa dukani si ule wako wa jumla, na iliki useme ni ya kusaga au punje. Ukifika sura ya tatu niandikie, nitakuambia kama paka anafutika.